Baba anataka kuuza mashua ili nisomee ualimu, nami sijui kama hiyo ndiyo njia yangu

BARUA YA MSOMAJI

Bi Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Langoni hapa Lamu, na ndimi wa kwanza katika watoto wanne. Miaka miwili iliyopita nilihitimu Shahada ya Sanaa, Kiswahili na Historia, katika chuo kikuu kimoja cha umma huko bara. Tangu siku hiyo nimetuma barua za maombi nisizoweza tena kuzihesabu, nimeitwa kwenye mahojiano matatu, na kazi pekee iliyowahi kunipa ujira ni ile ya wiki sita katika hoteli moja ya Shela, nilipokuwa nikiwapokea wageni msimu wa Desemba.

Baba yangu ni mvuvi. Ana mashua moja aliyoundiwa Matondoni kabla sijazaliwa, na ndiyo iliyotulisha sote mpaka leo. Nilipokuwa chuoni aliuza kipande chake cha shamba la minazi ili kujazia pale ambapo mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, haukufika. Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya isha, aliniita akaniambia kwamba amepata mtu wa kuinunua mashua, na kwamba fedha hizo zitanitosha kusoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu ili nipate nambari ya usajili ya TSC, tume ya walimu, niwe mwalimu. Alikuwa akishona wavu uliochanika, na maneno hayo yote aliyasema bila kuinua uso. Nilijibu, "Naam, Baba," nikapanda darini nikalia. Ninajua ya kwamba nimemvunja moyo, ingawa hajapata kunitamkia. Mdogo wangu wa kiume naye yuko kidato cha nne na atafanya mtihani wa KCSE mwaka huu, na sijui yeye atasomeshwa kwa nini ikiwa mashua itakuwa imekwenda.

Niliwaandikia wenzangu tuliohitimu pamoja, maana tuna kundi letu la WhatsApp. Mmoja yuko katika benki, akaniambia nikubali kazi yoyote ile, kwani shahada ya sanaa ni ushahidi tu kwamba mtu anafundishika. Wa pili ni mtangazaji wa redio, naye akasema nihamie Mombasa nijitolee hata mwaka mzima bila malipo mpaka nijulikane. Wa tatu anafundisha shule ya kibinafsi ingawa hana nambari ya TSC, na amenihimiza nifanye hivyo hivyo nikiendelea kutafuta. Mwingine hufasiri matini akiwa nyumbani kwake na hataki kabisa kusikia habari ya kuajiriwa. Ami yangu, kwa upande wake, husema barazani mbele za watu kwamba tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe mwaka 2021, Lamu inahitaji wahandisi na mabaharia, si watu waliosomea hadithi.

Kuna milango miwili mingine. Binamu yangu amenitafutia nafasi katika ofisi ya uwakala wa forodha Mombasa, kwa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Pia kuna mtafiti mmoja wa kigeni atakayekuja kaskazi ikianza, anayetaka msaidizi wa miezi saba wa kupiga picha na kunakili miswada ya zamani iliyomo majumbani, ile ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Atalipa shilingi 30,000 kwa mwezi, na baada ya hapo hakuna ahadi yoyote. Anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Kazi hiyo ilinijia kwa sababu ya jambo dogo. Bibi mmoja jirani yetu aliniletea karatasi ya shamba la marehemu babu yake, imekunjwa ndani ya mkebe wa biskuti na kuzungushiwa kipande cha kanga. Nilikaa nayo siku nne. Hati za Kiarabu hazina herufi zetu zote, kwa hiyo neno moja laweza kusomwa namna tatu mpaka ujue msemaji alikuwa akizungumzia nini. Mwaka nao ulikuwa umefifia, sikujua ni 1324 au 1334 wa Hijria, kwa kuwa tarakimu ya 2 na ya 3 katika hati hizo hutofautiana kwa jino moja tu. Mwishowe nilikwenda makaburini nikalitafuta kaburi la mmoja wa mashahidi waliotajwa katika karatasi hiyo, nikakuta alifariki 1330. Basi karatasi haikuweza kuwa ya 1334. Bibi alifurahi akaniletea mkate wa sinia, naye ndiye aliyemsimulia mtu aliyemsimulia mtafiti.

Siku ya mahafali tuliambiwa kwamba Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na kwamba sisi ndio tutakaovuna. Mimi sijavuna kitu. Simu yangu imejaa ujumbe wa HELB ambao nimeacha kuufungua. Tafadhali niambie, nilikosea kusoma sanaa? Na je, nimruhusu baba auze mashua?

Wako,
Binti wa Langoni

JIBU LA BI MSHAURI

Mwanangu, wa alaykum salaam warahmatullah.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu nilihisi umeniuliza maswali mawili na chini yake kuna mengine manne uliyoyapitia haraka. Nitayachukua kama yanavyonijia, na utanivumilia nikirefusha, maana jambo linalogusa chombo cha mzee na maisha ya mtoto halijibiwi kwa mstari mmoja.

Kama nilivyokuelewa, una shahada uliyoisoma kwa jasho la nyumba nzima, umekaa miaka miwili bila kazi ya kudumu, na sasa mbele yako kuna njia tatu: ualimu utakaogharimu mashua, ofisi ya Mombasa yenye mshahara mdogo lakini wa kila mwezi, na miswada itakayokupa miezi saba kisha ikuache. Juu ya hayo wenzako wanavuta kila mmoja upande wake, ami anasema barazani, na deni linabisha hodi kwenye simu.

Naomba nianze na baba yako. Umeandika kwamba unajua umemvunja moyo, ingawa hajapata kukutamkia. Je, mwanangu, umelijuaje? Uliyemwona ni mzee anayeshona wavu asiyeinua uso. Mimi nimekulia miongoni mwa wavuvi, nami nimewaona wanaume wa kwetu wakiinamia nyavu wanapoona haya, wanapoogopa, na hata wanapompenda mtu kuliko wanavyoweza kusema. Yawezekana alikuwa akikuonea huzuni, na yawezekana pia alikuwa akitarajia umwambie, "Baba, usiuze." Ulisema "Naam" ukapanda darini, naye akabaki na jibu ambalo huenda halikuwa lako. Sikulaumu kwa adabu yako. Ninachokiona ni watu wawili wanaopendana ambao wamekubaliana jambo ambalo pengine hakuna hata mmoja kati yao analolitaka.

Kisha nifikirie mashua yenyewe. Mvuvi mwenye chombo hupata fungu lake na fungu la chombo. Asiye na chombo hupanda cha mwenzake akapata fungu la mtu mmoja. Kwa hiyo kinachouzwa si mbao na tanga tu, bali ni sehemu ya mapato ya kila siku ya nyumba yenu, pamoja na uwezo wa kumsaidia mdogo wako atakapomaliza kidato cha nne. Sisemi asiuze. Wazee wengi wameuza walichonacho kwa ajili ya masomo na hawakujuta. Ninalosema ni kwamba hesabu hiyo ingefaa ifanywe na nyinyi wote, mama yako akiwemo (barua yako haikumtaja hata mara moja, jambo lililonishangaza kidogo), na ifanywe kwa karatasi, si kwa machozi.

Kabla ya mashua kuguswa, kuna jambo dogo ambalo litakuchukua nusu saa. Toa matokeo yako ya KCSE. TSC humtaka mwenye shahada isiyo ya elimu awe na stashahada hiyo ya uzamili, lakini humtaka pia awe alipata wastani wa C+ kidato cha nne, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Nimewahi kukutana na vijana waliolipa karo yote kisha wakakwama kwa sababu ya alama waliyoipata wakiwa na miaka 18. Ikiwa Kiswahili chako na Historia yako zimefika hapo, njia hiyo ipo wazi. Ikiwa moja haikufika, basi mashua ingekuwa imekwenda bure. Ukiona uko sawa, uliza pia kama chuo unachokifikiria kinafundisha kozi hiyo wakati wa likizo za shule, kama wafanyavyo baadhi ya vyuo, kwa sababu hapo mtu aweza kufanya kazi huku akisoma na kulipa kwa vipande. Na ujue mapema kwamba kupata nambari si kupata kazi. Walimu wengi waliosajiliwa wako nyumbani wakisubiri, na wengi wamekuwa wakianzia kwa mikataba ya uanagenzi yenye posho ndogo.

Kuhusu yule mwenzako anayefundisha bila nambari, nitakuwa mfupi. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu asiyesajiliwa kufundisha shuleni, ziwe za umma au za kibinafsi. Huenda mwalimu mkuu wake amefumba macho, lakini likitokea jambo atakayesimamishwa mbele ni yeye.

Hao wengine waliokushauri sidhani kama walikudanganya. Ila nilipoyasoma maneno yao niliona kila mmoja amekueleza maisha yake akayaita ushauri. Wa benki anakwambia ya benki, wa redio ya redio. Mtu aliyepita kwenye mlango mmoja hawezi kuisimulia nyumba nzima. Ningekuwa wewe ningewarudia, lakini safari hii nisiwaulize nifanye nini. Ningewauliza mambo wanayoweza kuyajibu kwa hakika: mwezi wa kwanza ulikula nini? Nani alikufungulia huo mlango? Ni kitu gani ulichosomea darasani unachokitumia kazini, na kipi ulilazimika kujifunza upya? Anayejitolea mwaka mzima redioni bila malipo, je, alikuwa akilala kwa nani? Huyo mfasiri wa nyumbani, wateja wake wa kwanza watatu aliwapata wapi, na walimlipa baada ya muda gani? Majibu ya namna hiyo utaweza kuyapima na hali yako ya Langoni.

Mombasa usiidharau. Ofisi ya forodha itakufundisha nyaraka, muda, na namna ya kuzungumza na watu wenye haraka, na historia nzima ya pwani yetu ni historia ya shehena na ushuru, kwa hiyo hutakuwa mgeni kabisa. Lakini shilingi 20,000 katika mji ule, ukitoa kodi ya chumba, matatu na chakula, haibakishi mengi. Je, binamu yako ana nafasi ya kukukaribisha miezi ya mwanzo? Na je, kazi hiyo unaitaka, au unataka tu ami anyamaze? Ukijibu kwamba unataka anyamaze, sitakucheka, kwani maneno ya barazani yana uzito wake. Ila ami hatakaa nawe katika chumba hicho cha kupanga.

Sasa nije kwa yule bibi na mkebe wake, maana hapa ndipo moyo wangu ulipokaa. Umeliita jambo dogo. Hebu lisome tena kama vile limeandikwa na mtu mwingine. Ulipokea hati ambayo wenye nayo hawawezi kuisoma. Ukatumia khati ya chuoni ulikosoma Qurani utotoni, ukatumia Kiswahili chako kuamua neno lipi kati ya matatu, kisha ulipofika kwenye mwaka hukubahatisha. Ulitafuta ushahidi wa pili nje ya karatasi, ukaupata juu ya kaburi. Mwaka 1324 unaangukia 1906 na kuingia 1907, na 1334 unaangukia 1915 hadi 1916. Katikati yake iko ile sheria ya kikoloni ya 1908 ya kuandikisha ardhi za pwani, na nadhani wewe mwanafunzi wa historia unajua kuliko mimi kwamba karatasi iliyoitangulia sheria ile haisomwi kwa jicho moja na iliyoifuata. Jino moja la tarakimu! Umeniuliza kama ulikosea kusoma sanaa, nami nakuuliza, katika siku hizo nne ni nani mwingine katika mtaa wako angeweza kuifanya kazi hiyo?

Wala kalamu si kazi ngeni katika visiwa hivi. Siyu, hapo kisiwani Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa Misahafu, na mji wetu mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 kwa sababu ya mambo ambayo watu wa zamani waliyajenga na kuyahifadhi. Hata hivyo sitaki nikupambie. Kukitukuza Kiswahili ni jambo moja, na kumlipa Mswahili aliyekisomea ni jambo jingine. Walio jukwaani siku ya mahafali walikwambia la kwanza, nawe ulirudi nyumbani ukisubiri la pili. Uchungu wako nauelewa.

Kwa hiyo ukiitazama kazi ya mtafiti, itazame kwa macho mawili. Miezi saba kwa 30,000 ni shilingi 210,000, na ukiwa unalala kwenu, sehemu kubwa yaweza kuwekwa, pengine ikawa ndiyo karo ya stashahada bila mashua kuguswa. Lakini iko hatari. Mtafiti ataondoka na wewe utabaki. Familia zitakazokufungulia sanduku zitakufungulia wewe, kwa sababu wanamjua baba yako, na miswada ikipotea au picha zake zikionekana mahali wasipopataka, ni wewe watakayekutana naye sokoni. Basi, kabla ya kukubali, omba mkataba ulioandikwa. Ulizia kama jina lako litatajwa katika kazi itakayotoka, na liwe ni jina la msomaji wa hati, si la "msaidizi" tu. Ulizia kama kila familia itaombwa ridhaa na kupewa nakala, na kama nakala nyingine itabaki Lamu. Ulizia kama ana kibali cha utafiti, na utalipwa tarehe ngapi. Mtu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Ungeweza pia kupita pale ngomeni, panaposimamiwa na Makumbusho ya Taifa, uwaulize wanaoijua kazi hii wangemshauri nini msichana aliye katika nafasi yako.

Neno moja la tahadhari kuhusu karatasi za mashamba. Ardhi ya Lamu ina ugomvi mwingi na wa muda mrefu. Ukiendelea kuwasomea majirani, na sioni kwa nini usiendelee, andika kilichoandikwa na useme wazi ulipokuwa na shaka, lakini usiwe wewe wa kusema shamba ni la nani. Hilo lina mawakili na mahakama yake. Na hapana aibu kutoza ada ndogo. Mkate wa sinia ni mtamu, lakini siku nne ni siku nne.

HELB nayo, mwanangu, fungua hizo jumbe leo. Mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi juu ya deni lenyewe. Kama kuna ukimya unaokugharimu fedha, ni huu. Waandikie kwamba huna ajira, uombe maelewano, hata ikiwa utaanza kwa kiasi kidogo. Kazi nyingi za serikali huomba cheti cha HELB pamoja na kile cha polisi na cha KRA, mamlaka ya kodi, na ingesikitisha nafasi ya kaunti ikupite kwa sababu ya ujumbe usiofunguliwa.

Jambo la mwisho nililoliona ni kwamba katika barua yote hiyo ndefu hukusema kama unapenda kufundisha. Hukusema pia kwamba hupendi. Mashua inataka kuuzwa kwa ajili ya ualimu, na mwenye kufundisha hajasema neno. Labda hujui, na kutojua si kosa. Kuna watoto wa jirani wanaojiandaa kwa mtihani, na mdogo wako ni mmoja wao. Kaa naye jioni tatu na insha zake za Kiswahili, uone kama saa zinakwenda haraka au zinakokota.

Na siku baba yako atakaposhona wavu tena, keti upande wa pili uushike. Mikono ikiwa na kazi, huenda wote wawili mtaona ni rahisi zaidi kusema. Mwambie habari ya bibi, ya kaburi na ya ule mwaka. Nina shaka kama ameshaisikia kutoka kinywani mwako. Kisha muulize yeye anataka nini kuhusu chombo chake, na umwache amalize.

Una siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, nazo zinatosha kwa matokeo ya KCSE, ujumbe wa HELB na mazungumzo hayo. Ukipenda, niandikie tena kaskazi ikishaanza, uniambie ulichoamua, na kama yule bibi amepata nakala ya pili ya karatasi yake, maana mkebe wa biskuti haumudu chumvi ya Lamu.

Wako akuombeaye kheri,
Bi Mshauri